Bima ya matatu iliyonilipa: nyota mbili, na jibu kwa wanaouliza kama hawa watu hufika mahakamani

Naipa kampuni hii nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya dada wa mapokezi wa tawi lao la Mombasa, ambaye hakuwahi kuniacha nisimame na mkono wenye plasta. Ya pili ni ya daktari waliyenituma kwake, aliyeandika alichokiona bila kupunguza. Nyota tatu zilizobaki walizipoteza kati ya barua ya kwanza ya wakili wangu na siku pesa zilipoingia, na sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa urefu. Tangu watu wa Majengo wajue kuwa nimelipwa, swali wanaloniletea dukani ni lile lile: hawa bima huenda mahakamani kweli, au wanatishia tu? Jina la kampuni silitaji. Niliyoyaona kwao nimeyasikia pia kwa watu waliodai kwa makampuni mengine.

Matatu yetu ya viti 14 ilikuwa ikitoka Mtwapa kuja mjini. Dereva alijaribu kulipita lori, akakuta lori jingine mbele yake, akatoka barabarani. Tulioumia tulikuwa wanane. Wawili walichukua walichopewa kabla ya kesi. Sita tulifungua kesi, na katika hao sita aliyesimama akahojiwa mpaka hakimu akaandika hukumu ni mmoja tu, Mzee mstaafu wa bandari. Watano tulimaliza kwa maafikiano, wengine asubuhi ile ile ya kusikizwa. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mahakamani watafika karibu kila mara, kwa maana ya faili, namba na tarehe. Kusikizwa ndiko wanakokukwepa mpaka dakika ya mwisho, na kama majeraha yako ni makubwa, huko nako watafika na watakata rufaa juu yake.

Inafaa kuelewa kwanza nani anamshtaki nani, maana hapa wengi hupotea. Kenya tuna Sura ya 405, sheria inayomlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalipa watu atakaowaumiza barabarani, na abiria wa matatu ni miongoni mwao. Lakini abiria haishtaki kampuni ya bima. Anamshtaki mwenye gari na dereva. Kampuni hupelekewa notisi kwamba kesi ipo, kabla haijafunguliwa au mara tu baada ya kufunguliwa. Kuanzia hapo yenyewe ndiyo inayochagua wakili, inayoandika utetezi, inayoamua kulipa au kupigana, yote hayo kwa jina la mwenye gari ambaye pengine hata tarehe ya kesi haijui. Ukishinda, kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinaitaka kampuni ilipe, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, mradi notisi iliifikia kwa wakati. Ikikataa, unafungua kesi ya pili, safari hii dhidi ya kampuni yenyewe, ukiomba mahakama itamke kuwa inawajibika kuilipa hukumu ya kwanza. Kesi juu ya kesi, kwa mkono ule ule mmoja uliovunjika.

Karatasi zangu zilikuwa tayari mapema kwa sababu kaka yangu alikwenda kituo cha polisi siku iliyofuata, akahakikisha jina langu limeandikwa kwenye kitabu cha matukio. Namba ya OB, yaani ya kitabu hicho, abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, fomu ya P3 ya polisi ya kuandikia majeraha iliyojazwa na daktari, karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza, na nakala ya rekodi za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, inayoonyesha gari ni la nani. Abstrakti ndiyo inayotaja kampuni ya bima na namba ya cheti. Matatu nyingi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja, kwa hiyo tarehe iliyo kwenye stika ya kioo cha mbele ni jambo kubwa. Kijana mmoja aliyekuwa kiti cha mbele aliipiga picha kwa simu pale pale kandokando ya barabara, damu bado zinamtoka puani, na picha ile ilizima ubishi wote kuhusu kama bima ilikuwa hai siku hiyo. Yule kijana namwombea dua mpaka leo.

Wakili wangu aliandika barua ya madai. Kimya. Akaandika nyingine. Kimya. Nikaenda mwenyewe ofisini kwao, yule dada akanipa kiti na maji ya kunywa, akapiga simu ndani, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, faili yako ipo, inasubiri maagizo kutoka Nairobi." Baadaye afisa wa madai alinipigia moja kwa moja, bila kupitia kwa wakili ingawa alijua ninaye, akasema wako tayari kunipa 150,000, nifike nisaini. Nikamuuliza amezipimaje.

"Hiyo ndiyo kawaida ya mkono, mama."

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona madera, mabuibui, sare za shule mwezi wa kwanza, na sikukuu zikikaribia silali. Kitambaa chepesi cha buibui hukiongoza chini ya sindano kwa vidole vya kulia, kifundo kikiwa kimeinama, na hakina budi kuvutwa kwa nguvu ile ile tangu mwanzo wa upindo hadi mwisho, la sivyo kinajikunja. Kifundo changu sasa kimeshikwa na chuma na skrubu. Nikimaliza upindo wa nguo moja kimeshavimba. Kwa hizo 150,000 nisingelipia hata ile miezi ambayo cherehani ilikaa imefunikwa shuka, na msichana niliyekuwa nikimfunza kazi nikamwambia akatafute kwingine. Nilikataa, wakili akafungua kesi katika mahakama ya hakimu.

Utetezi wao ulipokuja nilimwomba wakili anisomee kwa sauti, aya kwa aya. Ya kwanza inakana kwamba ajali ilitokea. Inayofuata inakana kwamba matatu ile ni ya yule mwenye gari. Nyingine inakana kwamba mimi nilikuwa abiria. Halafu inasemwa kwamba kama ajali ilitokea, na kama mimi nilikuwamo, basi kosa ni langu, kwa kuwa nilikaa bila kujali usalama wangu na sikufunga mkanda. Niliumia roho kuliko nilivyotarajia. Watu walionituma kwa daktari wao kupimwa, waliotaka kunipa 150,000, sasa wanaandika mahakamani kwamba hakuna kilichotokea. Wakili akaniambia, "Dada, usiichukulie moyoni. Hii wanaitumia kwa kila mtu, wanabadilisha majina." Akanionyesha nyingine, jina la mdai limefunikwa, na kweli mistari ilikuwa ile ile.

Nimeambiwa kisheria hawafanyi kosa: anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na wao wanaruhusiwa kukana kila kitu mpaka uthibitishe. Sawa. Lakini hapa natathmini huduma, na kampuni inayomwandikia majeruhi maneno hayo huku ikiwa na abstrakti ya polisi kwenye faili yake siwezi kuipa nyota kwa hilo.

Kisha zikaanza tarehe za kutajwa, yaani kesi kuitwa tu ili ionekane imefikia wapi. Siku hizi nyingi ni za mtandao, jambo lililoingia wakati wa korona likabaki. Nilikuwa naweka simu juu ya meza ya kukatia nguo, nasikiliza. Hakimu anaita namba, mawakili wanajitambulisha, na upande wa bima jibu linakuja faili baada ya faili kwa sauti ile ile: "Mheshimiwa, tunaomba muda, bado hatujapata maagizo ya mteja wetu." Asubuhi moja wakili mmoja wa bima alikuwa ameshika faili nyingi, mara ya kampuni hii, mara ya ile, na zote mteja hajampa maagizo. Hakimu aliwahi kumuuliza, "Maagizo ya nini, na faili hii ina umri gani?" Akamjibu kwa adabu, akapewa tarehe. Kulikuwa na mama wa Likoni ambaye kesi yake ilikuwa inatajwa siku moja na yangu, dhidi ya kampuni nyingine. Tulizoeana majina kwenye simu kabla hatujaonana uso kwa uso.

Hapo ndipo nilipoona mahakama inawafaa nini. Fidia ya maumivu hutozwa riba tangu siku ya hukumu. Gharama ulizolipa kwa risiti ndizo zinazohesabiwa riba tangu kesi ilipofunguliwa, na hizo kwa kawaida ndizo kidogo. Maana yake ni kwamba ile sehemu kubwa ya pesa, muda wote kabla ya hukumu, inakaa kwao bila kuwagharimu. Mimi nalipa kodi ya chumba kila mwezi. Wao wana faili kwenye kabati. Mtu akiuliza kwa nini wanaacha kesi ifunguliwe halafu wanalipa mlangoni, sababu kubwa ni hiyo. Nyingine ni kwamba wanajua si kila mtu atafungua kesi, na waliofungua si wote watakaovumilia. Mamlaka ya kusimamia bima, IRA, hutoa ripoti kila robo ya mwaka, na madai huyagawa mafungu mawili: ya dhima, yaani ya watu walioumizwa kama mimi, na yale mengine ya kawaida kama gari lako mwenyewe kugongwa. Ukizisoma utaona madai ya dhima yanabebwa robo baada ya robo, huku yale mengine yakilipwa kwa kasi.

Nisiwadhulumu lakini. Kwa majeraha madogo wanalipa haraka. Binti wa Utange aliyekaa kiti cha nyuma, aliyepata michubuko na maumivu ya shingo, alipewa 60,000 baada ya wiki chache, bila wakili, bila kesi. Walimhudumia vizuri, hata nauli walimrudishia. Alisaini hati ya kupokea malipo kamili na ya mwisho. Shingo ilipoanza kumsumbua upya akaenda kwa wakili, akaambiwa hati ile imemaliza mambo. Huduma hiyo ya haraka ni nzuri kwa mtu ambaye daktari amemwambia amepona. Aliye bado kwenye kliniki asiishike kalamu yao. Sheria inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya kuumizwa, hivyo hakuna kinachokulazimisha kusaini ukiwa na bandeji.

Sasa kesi ya Mzee. Kesi sita za ajali moja haziwezi kubishania mara sita nani alikosea. Mahakama huchagua moja iwe ya kipimo. Ikishaamuliwa kosa ni la nani na kwa asilimia ngapi, uamuzi huo unatumika kwa zote, na kinachobaki kwa kila mmoja ni kiasi cha fidia. Yetu ilikuwa ya Mzee, aliyevunjika nyonga. Ile ilisikizwa ana kwa ana, nami nilifunga duka nikaenda. Afisa wa trafiki alikuja na kitabu chake, akasoma taarifa kama ilivyoandikwa siku ya ajali, akasema uchunguzi wao ulimlaumu dereva wa matatu. Wakili wa bima akamgeukia Mzee, akamuuliza kama alikuwa amefunga mkanda. Mzee akajibu kwamba mkanda ulikuwepo lakini kifungo chake hakikuwepo. Akaulizwa ana ushahidi gani. Akasema, "Mwanangu, nimepanda gari hizo miaka mingi. Nimekaa juu ya ule mkanda." Dereva, ambaye ndiye angeweza kusema vingine, hawakumleta. Hakimu aliwabebesha dereva na mwenye gari kosa lote, asilimia 100.

Mzee alipewa shilingi milioni 1.4. Wakakata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa yao haigusi ajali hata kidogo, inagusa kiasi. Kwa wasiojua, hakimu hatoi kiasi kichwani. Mawakili humletea hukumu za zamani za majeraha yanayofanana, wa kwako huleta za juu, wa bima huleta za chini, naye hukadiria akizingatia jinsi thamani ya shilingi ilivyoshuka tangu hukumu zile. Kwa sababu ni makadirio, daima kuna nafasi ya kusema yamezidi. Malipo yakasimamishwa kwa sharti la kawaida: nusu alipwe Mzee, nusu iwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili inayozaa riba mpaka rufaa iamuliwe. Nusu yake ameipata, ameifanyia matibabu. Nusu nyingine bado iko benki. Nilipomtembelea kwake aliniambia, "Mwanangu, umri wangu ndio wakili wao mkubwa." Sikuwa na la kumjibu. Mtu wa makamo yake kuachwa asubiri rufaa ya kiasi ni jambo linaloniuma, na ningependa anayesimamia madai katika kampuni ile ajue kwamba sisi wengine tunalitazama.

Baada ya kosa kuamuliwa, sisi tuliobaki tulikuwa tunabishania pesa tu, na hapo karatasi ndizo zinazozungumza. Gharama ulizotoa lazima zitajwe katika madai moja moja na kila moja iwe na risiti. Dawa nilizonunua bila risiti hazikuhesabiwa, teksi za kwenda kliniki hazikuhesabiwa. Zilizokubaliwa zilikuwa shilingi 78,000. Kwa mapato yaliyopotea, wakili wa bima aliandika kwamba mimi ni fundi wa nyumbani nisiye na ushahidi wa kipato. Nina daftari la oda lenye majina, vipimo, arbuni na tarehe ya kuchukua, na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima kabla ya ajali. Wakili wangu alivilinganisha kurasa kwa kurasa, jina lililo kwenye daftari na pesa iliyoingia kwenye simu siku ile. Baada ya kuviona, pendekezo lao lilipanda hadi 400,000. Wote mnaofanya kazi za mikono bila hati ya mshahara, mama wa mahamri, mwenye kibanda cha viazi, mwenye bodaboda, msifute jumbe zenu za M-Pesa.

Siku ya kusikizwa yangu nilifika mahakamani mapema na daktari wangu alikuwa njiani. Wakili wa bima alipoona mdai yupo, daktari yuko njiani na faili imekamilika, akamwita wangu pembeni kwenye korido. Maagizo ambayo hayakuwahi kupatikana kwa muda wote ule yalipatikana kwa simu moja, pale pale, kabla hakimu hajakaa. Wakapanda hadi 500,000 kwa kila kitu. Wakili akaja kuniuliza. Nikamwambia hapana, tuingie ndani. Akarudi kwao. Tulimaliza kwa 628,000: shilingi 450,000 za maumivu pamoja na kipato, 78,000 za risiti, na 100,000 za operesheni ya kukitoa chuma baadaye. Gharama za wakili juu yao. Ikaandikwa, ikasomwa mbele ya hakimu, ikawa amri ya mahakama.

Ningeweza kuingia ndani nikatafuta zaidi? Pengine. Lakini nilikuwa nimemwona Mzee. Na kuna jambo jingine ambalo mdai yeyote nchini hapa hana budi kulifikiria, nalo ni kama kampuni itakuwepo. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, zote zilikuwa zimebeba matatu kwa wingi. Kampuni ikifika hapo malipo husimamishwa, na mwenye hukumu mkononi anaingia foleni na wengine. Pesa ya maafikiano leo ina thamani ambayo hukumu kubwa ya miaka ijayo haina.

Hata hivyo siku 45 tulizokubaliana zilipita bila pesa, na hapa ndipo nilipowaondolea nyota ya tatu niliyokuwa nimepanga kuwapa. Wakili aliandika barua kwa mwenye gari, kwa sababu kisheria deni ni lake, na madalali wa mahakama wangemwendea yeye. Jioni ile nilipigiwa simu na mama wa Bamburi. Ndiye mwenye matatu. Hakujua kama kulikuwa na maafikiano, hakujua kama kesi ya Mzee iliamuliwa, alikuwa amepokea karatasi moja tu mwanzoni akaipeleka bima, wakamwambia asiwe na wasiwasi. "Dada yangu," akaniambia analia, "mimi nimelipa stika kila mwezi bila kukosa. Gari lenyewe lilikufa siku ile." Nilimwambia sina ugomvi naye. Kesho yake alikwenda kukaa ofisini kwao hadi akaonana na meneja, nasi tukaandika malalamiko kwa IRA tukaambatanisha amri ya mahakama. Pesa ziliingia akaunti ya wakili si muda mrefu baadaye. Nasema hili kwa wenye magari kuliko kwa abiria: kampuni inakwenda mahakamani kwa jina lako. Ulizeni kesi zenu zimefikia wapi, kwa maandishi, maana barua ya dalali haiji kwao.

Wanavyokuwa wagumu kuna sababu moja ninayoikubali. Kwenye ajali yetu walijitokeza watu wawili wenye P3 ambao hakuna abiria aliyewaona garini, na majina yao hayakuwa kwenye OB. Kuna watu wanaofuatilia ajali kukusanya majina, na wengine huongeza ya wasiokuwepo. Kampuni iliyachunguza madai yale na kuyakataa, na hapo nilikuwa upande wao kabisa. Pesa inayokwenda kwa mwongo inamchelewesha Mzee. Ila walipokwisha kuwajua waongo ni nani, sisi tulioandikwa kitabuni siku ile ile tulistahili kutendewa tofauti.

Wengi wananiuliza kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021 na inayopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria yake inataka hukumu itoke ndani ya siku 60, unaweza kusimama bila wakili, na Kiswahili kinaruhusiwa. Madai ya kuumia yametajwa katika sheria hiyo, lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu ni yapi hasa yanaweza kusikizwa huko, ndiyo maana wakili wangu alichagua mahakama ya hakimu. Kwa jeraha dogo lisilo na ubishi mkubwa nani mwenye kosa, ningeanzia huko, nikimuuliza kwanza wakili au karani wa masjala.

Kuhusu wakili wangu, ambaye naye simtaji, yeye ningempa nyota nne na nusu. Nusu aliipoteza kwa kutopokea simu Ijumaa mchana. Alinipa hesabu kwa maandishi: zilizoingia, ada yake, gharama, zinazobaki zangu, na pesa zikatumwa benki yangu wiki ile ile. Kuna watu wamelipwa na bima wasizione pesa kwa miaka, zimekwama kwa wakili. Mkubaliane ada kwa maandishi kabla ya kuanza. Wakili kuchukua fungu la fidia kwa masharti ya kushinda hakuruhusiwi na Sheria ya Mawakili, kwa hiyo anayekuambia atachukua theluthi muulize anaiandika wapi. Akikaa na pesa zako, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Chuma bado kiko mkononi, daktari anataka mfupa ukomae zaidi. Zile 100,000 za kukitoa nilizipata kwa sababu daktari aliziandika kwenye ripoti yake na wakili akaziweka katika madai tangu mwanzo. Jirani yangu wa kiti, aliyevunjika mguu, hakuandikiwa, na hakimu hawezi kumpa mtu alichokuwa hakukiomba, kwa hiyo hiyo operesheni atailipia mwenyewe. Kama una chuma mwilini kutokana na ajali, mwambie daktari aandike gharama ya kukitoa kabla wakili hajafungua kesi.